Dada Aliyepangwa Namba Saba

Fundi cherehani alikuwa ametimiza miaka hamsini na miwili alipogundua kwamba hajui kusali. Ibada hakukosa. Kanzu zote za kwaya zilipita mkononi mwake, na katika kamati ya ujenzi wa kanisa alikuwa katibu kwa kipindi cha tatu. Lakini siku mkewe alipozidiwa na homa, alipiga magoti kando ya kitanda akajikuta hana la kusema isipokuwa sala ya chakula. Mkewe, pamoja na homa yake, alicheka mpaka akakohoa.

"Baba watoto, unaniombea au unataka kunila?"

Mke alipona, ila fundi hakusahau. Wiki iliyofuata alikata kipande cha karatasi ya kuchorea mitindo, akakipigia mistari kwa rula na kuandika ratiba ya siku. Kwanza sala, pili kusoma sura moja ya Maandiko, tatu chai, nne kazi, tano kumtazama mgonjwa au mhitaji mmoja, sita kufagia karakana. Akaibandika ukutani juu ya cherehani. Tangu siku hiyo hakutia uzi kwenye sindano kabla ya kumaliza namba mbili, hata mteja apige hodi mpaka mkono umuume. Mwalimu wa kwaya, mwanamke asiyejua kunong'ona, akampa jina la Bwana Ratiba, na mtaa mzima ukalipokea.

Walicheka, lakini kazi ya ratiba ilionekana. Fundi alijifunza kunyamaza mbele za Mungu, jambo gumu kwa katibu wa kamati. Akaacha kugombana na wateja. Akaacha hata ule uongo wa mafundi wote, wa "bado vifungo tu" wakati kitambaa hakijakatwa. Kwa miezi mitano alisoma Zaburi sura kwa sura bila kuruka, kisha akaingia Injili, mpaka Jumatatu moja alipofika pale panapoagizwa kwamba mtu aliyeleta sadaka yake, akikumbuka kuwa nduguye ana kinyongo naye, aiache palepale aende akapatane naye, ndipo arudi kuitoa.

Akafunga kitabu. Jumanne akakifungua palepale, akakifunga. Jumatano akajaribu kurukia sura ya mbele. Alisoma mstari mmoja mara nne na hakujua alichosoma.

Fundi alikuwa na ndugu mmoja tu, dada yake mkubwa, mwalimu mstaafu aliyekaa mtaa wa pili. Miaka mitatu nyuma walimzika mama yao. Dada ndiye aliyeandika wasifu wa marehemu na kuusoma kanisani mbele ya waombolezaji, na humo akasema mama alisoma mpaka darasa la saba. Fundi akasimama katikati ya watu. "Samahani, tusidanganye mbele ya jeneza. Mama hakujua kusoma. Alikuwa anaweka dole gumba." Dada alikunja karatasi yake mara mbili, akaketi, na wasifu haukumalizika.

Familia yao haikuwa ya makelele. Hakuna jirani aliyewahi kusikia ugomvi ukitoka kwao. Wawili hao walisalimiana kila Jumapili mlangoni mwa kanisa, na mgeni angedhani mambo ni shwari. Ila hakuna aliyevuka kizingiti cha mwenzake tangu siku ya mazishi.

Jumatano hiyo mkewe alirudi na habari. "Wifi anahama. Jumamosi saa tatu gari linakuja kumchukua, anakwenda kuishi kwa binti yake. Ni safari ya siku mbili. Kurudi sidhani."

Fundi aliinuka, akachukua kalamu na kuongeza mstari mmoja chini ya ratiba. Mkewe akasogea kusoma.

"Namba saba, kwa dada. Yaani umempanga dada yako baada ya ufagio?"

"Nimempanga penye nafasi. Kuna kanzu ishirini za kwaya, zinatakiwa Jumapili."

"Basi mtumie salamu akusubiri, akishamaliza kuhama ndiyo utafika."

"Mama watoto, mimi nilisema kweli."

"Sijauliza ulisema nini. Nauliza unakwenda lini."

Jumatano kazi iliisha giza limeingia. Alhamisi cherehani ilikata mkanda. Ijumaa alifagia karakana polepole sana, kona kwa kona, mpaka akaona si saa tena ya kubisha mlango wa mtu.

Jumamosi alfajiri alipiga magoti kama kawaida. Alikaa hivyo kwa muda, na kila neno lililomjia alijua halitavuka dari. Akasimama, akavaa viatu. Kitabu hakukigusa. Nje ya karakana akakutana na mwalimu wa kwaya.

"Bwana Ratiba! Kanzu zangu?"

"Bado pindo za kanzu nne."

"Na huko unakwenda wapi?"

"Kwa dada yangu."

"Umeshasali?"

"Sijasali."

Mwalimu wa kwaya alimtazama kama mtu aliyeona mnara umehama. Akampisha.

Kwa dada mlango ulikuwa wazi. Mikeka ilikuwa imekunjwa, vyombo vimefungwa kwa magazeti, na yeye mwenyewe ameketi juu ya sanduku, miwani puani, akiandika orodha ya mizigo.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Umekuja kunisahihisha nini leo?"

Fundi alibaki amesimama. Njia nzima alikuwa amepanga maneno ya kueleza kwa nini alisema vile. Akayaacha.

"Nilikuvunjia heshima mbele ya watu, tena siku ya msiba. Nimekuja kukuomba msamaha."

"Ila bado unaona ulisema kweli."

"Hilo sikulileta. Nimeleta hilo la kwanza tu."

Dada alivua miwani, akaifuta kwa pindo la khanga.

"Ulipokwenda kujifunza ushonaji ulikuwa unaandika barua nyumbani. Ulidhani nani anamsomea mama?"

"Wewe."

"Mimi nilikuwa nafundisha mbali, narudi mwisho wa mwezi. Mama hakutaka mambo ya nyumba yake yapite midomoni mwa majirani. Likizo moja nilimfundisha jikoni, akiwa anachambua mchele. Mwaka wa pili akawa anazisoma barua zako mwenyewe. Akaniapisha nisimwambie mtu, maana nikisema amejifunza ukubwani, nitakuwa nimesema kwamba hakujua."

"Lakini niliporudi nilikuwa namsomea kila kitu. Hata vibandiko vya dawa!"

"Alikuacha. Alisema unapenda sana sauti yako."

Fundi akaketi kwenye mkeka uliokunjwa.

"Na darasa la saba?" akauliza.

"Kwenye madarasa niliongeza chumvi," dada akasema. "Vitabu vyangu vya kufundishia viliishia la nne. Hapo na mimi nimekosa, na nimeshaungama."

Gari lilipofika walibeba mizigo pamoja. Kabla ya kupanda, dada alimwomba asali. Fundi aliomba kwa sentensi tatu, na ya chakula haikuwemo. Kisha akasema kwamba kosa alilolifanya mbele ya kanisa atalitengeneza mbele ya kanisa.

"Mimi sitakuwepo," dada akasema.

"Waliosikia watakuwepo."

Jumapili, baada ya matangazo, aliomba nafasi. Kwaya ilikuwa imekaa katika kanzu zake, nne kati yazo zimeshikizwa pindo kwa pini. "Miaka mitatu iliyopita nilisema hapa kwamba mama yangu hakujua kusoma. Alijua. Dada yangu alimfundisha, na mimi nilimwaibisha bure. Nimemwomba msamaha, na ninyi nawaomba." Akaketi.

Jioni dada alipiga simu toka njiani. Alikuwa ameshapigiwa na watu watatu, na wote watatu walilalamika kwamba fundi alisema maneno machache mno. Akamuuliza fundi hali ya mkewe. Kisha akataka kujua, kwa sauti yake ya ualimu, kama fundi, alipokuwa akisema, alisimama wima au alijishikiza kwenye benchi.