Kichupa cha Lavenda

Lipo karipio nililopewa Ijumaa moja mjini Riyadh, mwanangu, na hadi leo sijalisahau. Ujana ulikuwa umeshanipita nilipostaafu ualimu na kwenda kuendesha gari la familia moja ya mtaa wa Al-Naseem. Upumbavu wake ndio haukuwa umenitoka.

Katika nyumba ile Rehema, mjane wa Malindi, alimfanyia madam, mama mwenye nyumba, kazi za ndani. Kila asubuhi nilipoosha gari tulizungumza kupitia dirisha la jiko. Mji ule wote haukuwa na sauti nyingine iliyonirudisha nyumbani. Kisha akaanza kuumwa kichwa siku baada ya siku, hata macho yakawa yanaona ukungu.

Muuza manukato mmoja wa soko la Batha aliniuzia kichupa cha mafuta ya lavenda. Alisema mabibi wa Uingereza wa karne ya kumi na tisa hawakutoka nyumbani bila chupa ya harufu, dawa ya kichwa na ya kuzirai. Nami nilikuwa nimesoma habari za chupa hizo vitabuni, basi nikaridhika.

"Mwalimu, nanukia kama kabati la madam," Rehema alinitania, akijipaka kwenye paji la uso. "Kichwa nacho kipo palepale."

Nikamsihi avute subira. Zikapita wiki tatu.

Ijumaa hiyo Mzee Kazungu, mlinzi wa nyumba ya jirani, aliniona na kichupa kipya. Nikamweleza habari za mabibi wale.

"Umesoma kwamba walinusa," akasema. "Kwamba walipona, umesoma wapi?"

Nikakitia kichupa mfukoni, naye akaendelea:

"Unajua akionekana mgonjwa atarudishwa kwao. Ndiyo maana unampa harufu."

Siku hiyohiyo nilimwambia madam kwamba Rehema anaumwa. Hospitalini shinikizo la damu lilikutwa limepanda mno. Daktari alisema wangechelewa kidogo, angepooza. "Halas, imetosha, arudi kwao," madam akaamua, nami nikampeleka uwanja wa ndege.

Mkataba wangu ulipokwisha nilikwenda Malindi. Nilimkuta mzima, ameolewa. Nilinywa chai yao, nikaaga. Asubuhi zangu bado ni ndefu.

Nakuusia, mwanangu: habari inayokupa kile unachokitamani, ihoji kuliko nyingine zote. Na umpendaye mtafutie tiba, hata kama tiba hiyo itamweka mbali nawe. Mungu akujalie rafiki wa kukuuliza swali gumu mapema, na moyo wa kumjibu.