Tamthilia mbili za ngano ya mama wa kambo, na yaliyompata binti yangu Kemi

Habari zenu wakuu, na shikamoo kwa wote walionizidi umri.

Huwa napita humu kimyakimya, nasoma nyuzi za watu naondoka. Leo nimekuta mnabishana kuhusu hizi tamthilia mpya zinazotokana na hadithi za bibi zetu, ipi kali na ipi imepooza. Nikaanza kuandika komenti. Ikawa ndefu, nikaona bora nifungue uzi.

Haya yamenipata mimi mwenyewe. Nimebadilisha majina ya watu tu. Majina ya tamthilia siyataji, mnaoangalia mtazijua.

Naishi Kamuli, Kyerwa. Kwetu nilikozaliwa ni Kiruruma, upande wa Karagwe. Niliolewa na mwanaume aliyefiwa na mke, ana binti mmoja, Kemi, wakati huo yuko darasa la tatu. Mume wangu anasafirisha ndizi. Leo yuko Mwanza, kesho Kahama, kwa hiyo siku nyingi tulikuwa mimi na mtoto tu.

Mwanzo wetu haukuwa mbaya. Hakunikimbilia wala hakunikataa. Alinionyesha mahali mama yake alipozoea kuanika kahawa, akaniambia pale pasihamishwe. Nikapaacha.

Siku moja tunamenya ndizi, akaniita mama. Ilimtoka tu, akainamia ndizi yake. Nikajifanya sikusikia nisimtie aibu. Wakuu, nilifurahi mpaka nikajikata kidole.

Basi baba Kemi akaleta tivii, king'amuzi na sola. Majirani wengi hawakuwa na tivii, jioni sebule ikawa inajaa watoto na mama zao.

Ndipo ikaanza ile tamthilia ya kwanza.

Ngano yenyewe wengi mnaijua. Baba anasafiri, mama wa kambo anamfukia binti yatima shambani. Nywele za binti zinaota kama majani. Mtu akienda kukata majani anasikia sauti inaimba chini ya udongo. Kwetu bibi anaisimulia ndizi zikiwa jikoni, mnaogopa kidogo, mnakula, mnalala.

Niwe mkweli, wameitengeneza vizuri. Yule dada aliyeigiza mama wa kambo anajua kazi. Mume akiwepo anatabasamu, mume akigeuka uso unabadilika mpaka wewe uliyekaa kwenye kochi unajikunyata. Halafu hawakupiga picha porini. Ni nyumba ya bati, migomba pembeni, kahawa imeanikwa uani. Watoto hawakuona mambo ya kale pale. Waliona nyumbani kwao.

Na baba wa mle ndani anasafiri na lori, kama baba Kemi.

Wifi yangu Jovina, dada wa mume wangu, alikuwa hakosi hata siku moja. Anakaa karibu na Kemi, na yule mama wa kwenye tivii akimtilia binti kitu kwenye uji, anamgusa bega.

"Angalia, Kemi. Angalia anavyokoroga huo uji."

Mwanzoni nilicheka na wengine. Watoto wakaanza kuniita jina la yule mama wa kwenye tivii nikipita njiani kwenda kisimani, nikacheka pia. Niliacha kucheka asubuhi moja nilipompa Kemi uji, akausogeza kwangu.

"Onja wewe kwanza."

Nikaonja. Akanitazama koo nikimeza, akasubiri, ndiyo akanywa. Nilienda jikoni nikalia, nikasingizia moshi.

Nilimpigia baba yake. Akasema huo ni mchezo wa tivii, mtoto atasahau. Jioni nikataka kubadilisha chaneli. Wifi akaniuliza mbele ya watu wote, "Unabadilisha nini? Humo ndani kinakuchoma nini?"

Wote wakageuka kunitazama. Nikarudisha rimoti mezani. Ningezima ningekuwa nimejishitaki mwenyewe, si ndiyo? Nisipozima mtoto anaendelea kunywa ile sumu. Mlioko kwenye ndoa za namna hii mtanielewa.

Ukafika msimu wa mvua, Kemi akashikwa na homa. Nilimpeleka zahanati, wakapima, malaria. Wakatupa dawa. Jamani, dawa zile zile mnazozijua wote.

Alikataa.

Nilizionja kwanza mbele yake kama uji? Hapana, ni dozi ya mtoto, ningemaliza atumie nini. Nilimbembeleza, nikapondaponda kwenye ndizi mbivu, akazitema. Anatetemeka, midomo imekauka, ameng'ata meno, ananitazama kama mtu anayesubiri nitoke. Ile sehemu ya juma lililopita yule mama wa kambo alikuwa amempa binti sumu akisema ni dawa.

Baba yake yuko njiani, simu haipatikani. Nikamtuma jirani amwite wifi. Sikuwa na kiburi siku ile, nilimpigia magoti kabisa.

"Wifi, mimi ananikataa. Wewe anakupenda. Nakuomba umpe dawa hizi."

Akazipokea. Akaniangalia, akamwangalia mtoto. Akasema atamchukua kwake, huko atakunywa vizuri. Akamfunika kitenge, wakapanda bodaboda. Nilibaki mlangoni nikimshukuru Mungu. Kweli nilishukuru.

Nilimfuata kesho yake mapema, nikakuta hawapo, wameshakimbizwa hospitali. Kemi alikuwa ameanza kukakamaa alfajiri. Nilipofika wodini daktari alikuwa anamuuliza wifi, mtoto amekunywa dawa mara ngapi?

Wifi akainama.

"Sikumpa, daktari. Niliogopa. Zilitoka mkononi kwa huyu."

Na akaninyooshea kidole. Hakusema kwa ubaya wakuu. Huyu mwanamke alikuwa analia, anaamini kabisa alikuwa anamwokoa mtoto wa kaka yake. Mpaka leo hicho ndicho kinanishinda. Ningekutana na mtu mbaya ningejua namna ya kumchukia.

Ilikuwa malaria imepanda kichwani. Alilala bila fahamu, tukasali na watu wa jumuiya, baba yake akafika na nguo za safari, akakaa sakafuni pembeni ya kitanda. Mungu akamrudisha mtoto.

Lakini masikio hayakurudi.

Tuligundua taratibu. Unamwita hageuki. Nesi alidondosha sinia nyuma yake, wodi nzima ikashtuka, yeye akaendelea kuchezea kamba ya shuka. Baba yake alitoka nje. Nilimsikia huko nje, na sitaki kuandika nilichosikia.

Baba Kemi hakunilaumu. Hakumlaumu dada yake pia. Kemi akachukuliwa na bibi yake mzaa mama, Kihanga. Walisema ni kwa muda.

Sasa nije kwenye tamthilia ya pili, maana ndiyo mnayoiponda kwenye ule uzi.

Ngano ni ile ile. Ila hawa wameanza siku mwanamke anaingia kwenye ile nyumba na begi lake, hajui hata chumvi inakaa wapi. Anapika, hakuna anayesifu. Anakaa kwenye kiti, anaambiwa kile ni cha marehemu. Maneno ya kijiji yanaanza kabla hajafanya lolote, na binti anafukiwa na mtu mwingine kabisa. Siwamalizii utamu.

Mnasema imepooza, haina vitisho. Ni kweli picha ya kwanza ni kali kuliko hii, na waigizaji wake wamekomaa zaidi. Kwa ufundi naipa ya kwanza. Lakini ya pili niliiangalia nimeshika kifua. Nikawa najiuliza, kwa nini haikutangulia?

Nilipata wazo la kijinga. Nikasema nitaenda Kihanga niiangalie na Kemi.

Nilifika na mkungu wa ndizi. Bibi yake alinipokea vizuri, tukasalimiana, akanionyesha kiti. Ni mama aliyempoteza binti yake, sasa analea mjukuu asiyesikia, na bado ananipa maji ya kunawa. Kemi alinishika mkono kwa heshima akapiga goti, kama anavyomwamkia mgeni yeyote.

Tivii ilikuwa kwa mjomba wake, nyumba ya jirani. Tukaketi. Ikaanza. Yule mama wa kambo akawa anaongea maneno mazito ya kujitetea, kila mtu pale sebuleni anasikiliza.

Kemi alikuwa anaangalia midomo inayocheza. Kwake ilikuwa ni mwanamke mwingine tu anayekoroga chungu.

Akanigeukia. Siku hizi anaongea kwa sauti kubwa kwa sababu haisikii sauti yake mwenyewe.

"Huyu naye ni mbaya?"

Watu wote wakanitazama. Nikatikisa kichwa, hapana. Nikatikisa tena. Akanichunguza usoni muda mrefu, halafu akarudisha macho kwenye tivii. Sijui alichokiona kwangu. Bibi alipoleta chakula nilimpa Kemi sahani yake, akaipokea, akabadilishana na mjomba wake.

Nilirudi Kamuli siku ile ile.

Wifi Jovina anaiangalia hii ya pili nyumbani kwake, siku hizi ana tivii yake. Naye anasema imepooza.

Nilichojifunza ni kimoja. Hadithi inayosimuliwa na bibi jikoni, mtoto anamwona bibi, anajua ni hadithi. Ya kwenye kioo haina bibi. Mkae na watoto wenu muwaulize wameelewa nini, leo leo, kabla hawajalala na jibu lao wenyewe. Nyinyi mnaoandika hizi tamthilia, mama wa kambo wa kweli tupo, na tunaangalia sebule moja na watoto tuliowakuta.

Mliolelewa na mama wa kambo, nisaidieni. Kuna siku mlianza kula chakula chake bila woga? Ilianzaje? Na mwenye kujua wanaofundisha lugha ya alama huku kwetu Karagwe au Kyerwa, aniandikie hapa chini. Nataka niijue mimi kwanza.