Bosi, Tangi na Bata Mzinga

Kampuni yetu ya kusafirisha mizigo pale Busia ilikuwa na fungu la kusaidia jamii, na mimi ndiye niliyelisimamia. Nasema nililisimamia, lakini kusema kweli lilisimamiwa na tabia za bosi. Bosi wetu alipenda kupigwa picha kuliko chai ya asubuhi, na aliogopa kuku. Mtu mzima na kitambi chake, akiona jogoo anageuza njia. Na vijijini huku mgeni wa heshima haondoki bila kukabidhiwa kuku hai mikononi. Basi misaada yetu yote ikaishia mjini: mabenchi ya kituo cha polisi, bango la kuwakaribisha wageni, saa ya ukutani kwa ofisi ambayo tayari ilikuwa na saa.

Wakati huo mkunga wa kituo kimoja cha afya kule Kwapa hakuacha kunipigia simu. Hawakuwa na maji. Mama akija kujifungua, uchungu umemshika, sharti mtu wake aje na jerikeni, la sivyo hakuna cha kumwoshea mtoto. Nilimsumbua bosi mpaka akakubali kutoa tangi, kubwa, lenye picha yake ubavuni. Gata za kuleta maji ya mvua kutoka paani akazikata kwenye bajeti. Eti hazionekani kwenye picha. Iliniuma sana, lakini ningefanya nini?

Nikawaambia wazee wa kijiji, "Tafadhali, msimpe kuku." Sababu sikuitaja, maana ilikuwa siri ya bosi. Wakatazamana, wakaitikia kwa adabu. Kumbe wameelewa kwamba kuku ni kitu kidogo mno kwa mkubwa kama huyu.

Siku ya kukabidhi wakamletea bata mzinga.

Sijawahi kuona suti ikipanda ngazi ya tangi kwa kasi ile. Bosi akajishikilia kule juu, miwani imeanguka, mpiga picha anaendelea na kazi yake. Wazee wakapiga makofi wakidhani anakagua tangi. Bata mwenyewe alikuwa ameponyoka, anazunguka chini ya ngazi akijitunisha, hana haraka. Mkunga akamkamata, akamkumbatia, akainua macho.

"Bosi, shuka. Mimi nashika yeye."

"Mpeleke mbali kwanza."

"Nakwenda peleka. Lakini mkono imechoka, bosi. Na gata iko wapi?"

Nilitazama viatu vyangu nisije nikacheka. Bosi akatoa simu hukohuko juu, akampigia fundi wetu wa Tororo, akaagiza gata, koki na kila kitu. Mkunga hakusogea mpaka alipomsikia fundi akiitikia.

Nilirudi kule baada ya mvua za kwanza. Mama mmoja akafika kwa bodaboda, ameshika kiuno, na mumewe nyuma anaomba radhi: samahani sista, tumetoka mbio, maji hatukubeba. Mkunga hata hakumsikiliza. Alikuwa ameshafungua koki, ananawa mikono.