Mpaka Damu Yake Iishe

Kichwa cha sato kilikuwa changu. Tangu nilipojifunza kutema miiba, mama alipopakua samaki alikigeuza kichwa kwa ncha ya mwiko mpaka kinitazame mimi, na hakuna aliyehoji, maana nilikuwa mtoto wake wa pekee na baba alikuwa amekwishafariki. Jioni moja, nyumbani kwetu Buswelu, kichwa kile kilinipita. Kilivuka juu ya ugali wa udaga, unga wetu wa muhogo, kikatua kwenye sahani ya kijana aliyekuwa amenichumbia.

"Kula, mwanangu," mama alimwambia. "Urudishe ulichonipa."

Alichompa ni damu.

Mama alikuwa akiuza mitumba mjini. Miaka ile kila aliyepunguzwa kazi alikuwa na meza sokoni, na mama, aliyekuwa mpishi wa shule, alikuwa na yake ya nguo za watoto. Alivuja damu kwa miezi mingi bila kuniambia. Aliongeza kanga moja juu ya nyingine, akasema ni baridi ya ziwani, mpaka siku alipoangukia robota la masweta akashindwa kuinuka. Daktari alisema kuna uvimbe kwenye kizazi, utolewe upesi, lakini hawezi kumpasua mtu aliyeishiwa damu namna ile. Tulete ndugu wa kumtolea.

Ndugu tulikuwa nao wengi kuliko vitanda vya wodi. Lakini damu ilipimwa ukimwi kwanza, na watu walikuwa wakiogopa majibu kuliko sindano. Mjomba mmoja alikumbuka ghafla pamba yake iliyoko Magu. Mwingine alisema damu yake ni nzito, itamlemea mgonjwa. Mimi nilikuwa nimekwishakunja mkono wa gauni kabla sijaulizwa.

Muuguzi wa maabara alikuwa mama mnene mcheshi. Alinichoma kidole, akaitazama damu kwenye kigae chake cha kupimia, akatikisa kichwa.

"Mama yako ni kundi O. Wewe ni A. Yako hatuwezi kumpa."

"Dada, mimi nimetoka tumboni mwake."

"Hata kitovu kimetoka tumboni mwake, mdogo wangu. Kundi lako umelichukua kwa baba yako."

"Miezi tisa nilikuwa nakula damu yake!"

"Hukula. Damu ya mama na ya mtoto hazichanganyiki, zinapakana tu kwenye kondo la nyuma, kama majirani wanaopeana chumvi juu ya ua. Yako ikiingia kwake leo, mwili wake utaiona mgeni na kuishambulia. Unataka kumuua kwa mapenzi?"

Nilishusha mkono wa gauni. Ndipo mchumba wangu alipoingia, ametoka zamu kiwandani walikokuwa wakikata minofu ya sangara wa kupelekwa Ulaya, bado ana buti nyeupe za mpira na harufu ya barafu yenye samaki. Hakuna aliyemwita. Alikuja kunisindikiza tu. Alichomwa kidole naye, kama kwa mzaha, na muuguzi akapiga makofi.

"Huyu hapa! O!"

Damu yake ilipopimwa ikaonekana salama, alilazwa kitandani. Nilisimama kuitazama ikishuka kwenye mpira. Ilikuwa nyeusi kuliko nilivyotegemea, nyekundu ya zambarau zilizoiva.

"Mbona nyeusi?" niliuliza, na nakiri sauti yangu ilikuwa na tumaini kwamba ina kasoro.

"Inarudi moyoni ikiwa imekwishagawa hewa yake mwilini," muuguzi alisema. "Ikipita mapafuni itang'aa tena. Haina ubaya, usimwonee mwenzio."

Mchumba wangu alipewa soda, akanikonyeza akiwa na mrija mdomoni. Nilimpenda mtu yule. Na niliuonea wivu mshipa ule wa mkono, ule uliovimba kama kamba chini ya ngozi, kwa namna ambayo sijapata kumwonea wivu mwanamke yeyote aliyemtazama. Siku ya pili, wodini, chupa ilining'inia juu ya kitanda cha mama, tone likafuata tone, na mimi niliyekuwa wa damu yake nilikaa kwenye kiti nikipunga nzi.

Mama alipasuliwa, uvimbe ukatolewa, akapona. Kope zake, ambazo kwa ndani zilikuwa nyeupe kama karatasi, zilipata rangi. Alianza kupenda pilipili, kitu ambacho hakukigusa maisha yake yote. "Ni ya huyu mtoto," alisema akipuliza midomo, "imekuja na pilipili zake." Alianza hata kuguna anapofikiri, na mchumba wangu alikuwa na kawaida ya kuguna. Nilisikiliza miguno ile miwili jikoni, mmoja ukiujibu mwingine, nikahisi kama mtu aliyefungiwa nje ya nyumba yao akiwa na ufunguo usioingia.

Lazima nieleze desturi. Kwetu mkwe na mama mkwe hawali pamoja. Hukwepana njiani, hawatazamani usoni. Heshima yao ni umbali. Kabla ya ugonjwa, mchumba wangu alipokuja alikaa uani kwenye kigoda, na mama alitokea mlango wa nyuma akijifunika kanga. Sasa walikula pamoja. Nilipomkumbusha mama, alinijibu bila kuinua macho kwenye mchicha aliokuwa akichambua: "Nitamkimbiaje mtu aliye ndani yangu?"

Kisha akaja shangazi kutoka Magu, dada yake baba, na kapu la michembe ya viazi vikavu kichwani. Yeye ndiye aliyekuwa asimamie mambo ya harusi. Alifika jioni ile ile ya kichwa cha sato, akawakuta wakila. Hakulitua kapu.

"Shikamoo, shangazi," mchumba wangu alisimama.

"Marahaba. Wewe si ndiye mwoaji?"

"Ndiye mimi."

"Na mkono wako unatafuta nini kwenye bakuli la mama mkwe? Umepoteza pete?"

Mama akasimulia yote, kwa fahari, kama mtu anayesimulia uzazi. Shangazi alisikiliza mpaka mwisho, ndipo akatua kapu taratibu.

"Wifi," alisema, "zamani watu wawili walichanjana, kila mmoja akalamba tone la mwenzake, tone tu, wakawa ndugu, na watoto wao hawakuoana. Wewe umeingiziwa chupa nzima. Huyu si mkwe tena, ni mwanao. Na kaka haoi dada yake. Harusi hakuna."

"Shangazi!" mchumba wangu alisema, nusu anacheka. "Kumbe ningekunywa soda yao nikaenda zangu!"

Mimi sikumtazama yeye wala shangazi. Nilimtazama mama. Nilingoja acheke, amwambie wifi yake aache ushamba, nguo za harusi zimeshashonwa. Mama alikitazama kile kichwa cha samaki kwenye sahani ya kijana.

"Wifi amesema kweli," alisema polepole. "Ni mwanangu."

Usingizi wangu uliondoka na maneno hayo. Angepata mtoto wa kiume aliyemkosa kwa baba, na mimi ningepata kaka. Ndivyo alivyochagua, mbele yangu, mdomo ukiwaka pilipili.

Ilikuwa karibu siku ya mama kurudi hospitali kuangaliwa mshono, na nilimwomba shangazi twende sote. Nilimpeleka moja kwa moja kwa yule muuguzi. Sikujua ningepata nini, nilijua tu kwamba shangazi hakubali jambo mpaka amelihoji mwenyewe. Alikaa, akakunja kanga magotini.

"Mwanangu, damu ya mtu ikiingia kwa mtu, inakaa hadi kufa?"

"Hapana, mama. Chembe nyekundu za damu hazizidi miezi minne hivi, hata zako mwenyewe. Zinazeeka, zinakufa, mpya zinatengenezwa kwenye uboho wa mifupa."

"Na tabia? Huyu sasa anakula pilipili."

"Damu haibebi tabia wala pilipili. Mtu akipona hamu ya chakula inarudi, anajaribu vitu."

Mama aliguna. Mguno ule ule.

"Zikifa zinaenda wapi?" shangazi aliendelea.

"Bandama na ini vinazivunjavunja. Rangi yake nyingine inatoka na choo."

Shangazi alicheka mpaka akajishika mbavu. "Wifi! Mtoto unayejivunia, kila asubuhi unamwacha chooni!"

Hata mama alicheka. Lakini muuguzi alikuwa hajamaliza.

"Ila chuma chake, madini yaliyo ndani ya damu, mwili hautupi. Unakitunza, unatengenezea damu nyingine."

Tulikuwa tumekwishasimama. Shangazi alitoa hukumu yake pale pale koridoni, wagonjwa wakisikia. Waliochanjana zamani waliachiana chale, na chale haifutiki. Huyu hakuacha chale, aliacha tundu la sindano, nalo limeziba. Kwa hiyo undugu wake utakwisha na damu yake. Tungoje pamba ivunwe na kuuzwa, chembe za mwisho zife, ndipo niolewe na mtu baki.

Niliingoja damu ile iishe kama watu wanavyongoja mvua. Nilimtazama mama akinywa uji, akipanga masweta, akicheka na mchumba wangu, nikajiambia: inapungua. Nilikuwa mchumba anayehesabu siku za harusi na binti anayehesabu siku za kumrudia mama yake, na sikujua ni yupi aliyekuwa na haraka zaidi.

Pamba iliuzwa, na jioni ya kwanza baada ya harusi kutangazwa upya, mchumba wangu alikuja akakaa uani kwenye kigoda chake cha zamani. Mama alikuwa jikoni, kanga imefika kwenye nyusi. Kati yao palikuwa na ukuta wa udongo na dirisha lisilo na kioo. Alipakua. Kichwa cha sato alikigeuza kwa ncha ya mwiko, kikanitazama.

"Mpelekee mwenzako hii," alisema, akinipa sahani yenye mkia. "Muulize kama chumvi inatosha."

Nilitoka. "Mama anauliza kama chumvi inatosha."

"Mwambie mama inatosha. Ila pilipili imezidi kidogo."

Nilirudi nikasema. Mama hakunijibu mimi. Alikaa akiwa ameligeuzia dirisha mgongo, kiganja kimoja kifuani, juu ya hicho chuma ambacho mwili hautupi, akaguna. Nje, gizani, mguno ukamjibu.

Nilikaa na kichwa changu cha samaki, nikaanza kutafuta macho.