Doa jeupe la mabati ya mama

Leo nimelia jikoni mwa ofisi, nikawasha birika wasinisikie.

Mnajua mimi ndiye mtu wa chai hapa JLT, Dubai. Ofisi yetu inapima misitu kwa picha za setilaiti. Naingia na chai ya karak, bosi wetu, sir, ananiita: "Mwanasha, si kwenu ni Kwale? Njoo uone habari njema!"

Kwenye skrini kuna picha mbili za sehemu moja. Ya zamani ina kijani kidogo. Ya mwaka huu, kijani kimejaa mpaka barabarani.

"Msitu umerudi," akasema. Watu wakapiga makofi.

Na mimi nikapiga, jamani!

Halafu nikaiona ile kona ya barabara. Nikauona msikiti.

Hapo ni kwetu.

Kwenye picha ya zamani kuna doa jeupe linang'aa. Ni mabati niliyomwezekea mama kwa mshahara wangu wa kwanza wa Dubai. Kwenye picha mpya doa halipo. Tangu mama afariki hakuna wa kupalilia, miti imefunika shamba lake la mihogo, ikafunika na nyumba.

Mazishi yenyewe niliyaona kwa simu. (Mliofiwa mkiwa huku, semeni kitu hapo chini, mwenzenu sijiwezi.)

Sir hakujua. Akaniuliza kwa upole, "Kuna mtu wenu pale aende atupigie picha, tuhakikishe ni miti kweli?"

Nikamwambia, "Hakuna, sir."

Angekuwepo mtu, hapo pangekuwa na mihogo.