Kumgeuza Baba

Nilisomea kazi ya kutunza wazee mjini Kericho, katika chuo kilichokuwa juu ya duka la mbolea. Kozi nzima ilituandaa kuwatunza wazee wa kizungu: namna ya kumwinua mzee kitandani bila kumuumiza, kumbadilisha pampas, kumgeuza mara kwa mara asipate vidonda vya kulalia. Nyumbani Sosiot vijana wenzangu walinicheka hadi basi. "Umeacha majani chai ukasomee kupanguza wazee!" Nikawaambia kazi iko ng'ambo, ngojeni tu mtaona. Aliyengoja ni mimi. Visa haikutoka.

Kisha baba akapata kiharusi akiwa shambani, upande wote wa kulia ukafa. Mama tulikuwa tumeshamzika. Nikajiambia, basi, kumbe sikusoma bure. Nilichemsha maji, nikakunja mikono ya shati, nikaingia chumbani kwake na karai.

Baba hakuweza kutamka vizuri, lakini hilo alilitamka. "Toka."

Kwetu mtoto haoni uchi wa baba yake. Na si baba mmoja: wazee wote wa rika lake ni baba zangu. Hapo ndipo ujinga wangu uliponipiga usoni. Kutoka Sosiot hadi Sigowet hakukuwa na mzee wa umri ule ambaye ningethubutu kumvua nguo. Nilikuwa nimesomea kuwahudumia baba za watu wengine.

Familia ikatafuta mtu wa mbali, asiyefungwa na mwiko huo. Akaja mwanamume ambaye wazazi wake walihamia huku kutoka Nyeri, muuza mitumba ambaye biashara ilikuwa imemshinda. Hakuwa mtu mbaya. Alimwogesha baba, alimlisha uji, hata alimchekesha. Lakini kumgeuza aliogopa, kwa sababu baba alipiga kelele. Mimi nilikuwa nje ya dirisha, nikipayuka kama kocha.

"Mgeuze, ndugu yangu! Weka mto katikati ya magoti!"

"Mzee amekataa, bosi."

"Mgeuze tu, nakuomba!"

Baba akisikia sauti yangu ndipo alipozidi kukataa. Nilimwendea baba mdogo, ndugu yake wa kumfuata, aniombee ruhusa. Akanitazama kama anayemtazama mlevi. "Unataka kutuletea laana kwa sababu ya cheti?"

Asubuhi moja harufu ilinifikia pale dirishani. Naijua ile harufu. Chuoni tuliambiwa ukishaisikia umechelewa. Nililia kwa hasira mbele ya watu wote, sikujali. Tukamkimbiza hospitali, lakini kidonda kilikuwa kimeshaingiza sumu kwenye damu. Baba hakutoka huko akiwa hai.

Siku ya kumchukua, mhudumu wa mochari aliuliza nani wa familia ataingia kusaidia kumwosha na kumvika suti. Binamu zangu wakatazama ukuta. Baba mdogo alikohoa, akavua kofia, akaivaa tena.

"Kijana," akaniambia kwa upole ambao hajawahi kuwa nao, "ingia wewe. Si ndiyo kazi uliyosomea?"

Wa kutaja laana hakuwepo. Waoga! Nilitaka kuwatukana wote, nikaingia. Nilimshika baba bega na nyonga, vile tulivyofundishwa, nikamgeuza taratibu, nikakiona kile kidonda kwa mara ya kwanza. Ngumi yangu ingeingia.