Ufunguo wa Choo

Miaka sita mshonaji wa kola alikimbilia chooni, tumbo likimsokota na damu ikimtoka, hata kiwanda kizima cha nguo kikambandika jina la Bi Msalani. Ufunguo wa choo ulining'inia shingoni kwa msimamizi kama hirizi, na kila ukitoka, ulitoka na maneno.

Mwishowe madaktari wakamtoa utumbo mpana wote kwa kupitia vitundu vinne tu tumboni, wakaunga utumbo mwembamba uliobaki. Siku alipopata choo kwa mara ya kwanza, muuguzi alimpigia makofi. "Hongera, dada! Tumbo limeamka. Ila utakwenda mara nyingi mpaka lizoee."

Siku aliyorudi kazini, kabla ya saa nne alikuwa ameshaomba ufunguo mara tatu.

"Si ulisema umepasuliwa?" msimamizi akamfokea.

Akameza aibu, akapandisha blauzi kidogo.

"Hivi ndivyo? Mke wangu kapasuliwa akijifungua, kovu lake kama zipu. Wewe umeumwa na mbu!"

Wenzake wakacheka hadi wakashika mbavu. Akaupokea ufunguo, akaenda. Alipotoka, msimamizi ndiye aliyeanza, na kiwanda kizima kikafuata: wakampigia makofi.